Sketi ya Kwaya na Uzi Mweupe

Kila Jumamosi asubuhi ngazi za jengo lao zilinuka sabuni. Lilikuwa jengo la matofali mekundu, la ghorofa tatu, nyuma kidogo ya Barabara ya University katika mtaa wa Frogtown, mjini Saint Paul. Wapangaji walikuwa familia kumi na mbili, na mashine za kufulia, kule chini ya jengo, zilikuwa mbili tu, tena moja ilikuwa na tabia ya kusimama katikati ya kazi kama punda aliyechoka. Kwa hiyo Mama Reine wa ghorofa ya kwanza na Mama Ntwali wa ghorofa ya tatu walifua pamoja. Nguo nyeupe za nyumba zote mbili huku, za rangi huku. Zikikauka, yeyote aliyewahi kushuka alizikunja zote, akazigawa mlango kwa mlango. Walifanya hivyo miaka minne, tangu walipotoka kambi ya wakimbizi, na haikupotea hata soksi.

Reine alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kubeba kapu. Mama yake alimsemesha kwa Kiswahili, naye alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mtaa ule. Alibeba mashuka, alibeba suruali nzito za kazini za baba yake. Kitu kimoja tu hakuruhusiwa kukigusa, nacho ni sketi ya kwaya.

Sketi hiyo ilikuwa ya kitenge, buluu iliyoiva, yenye ndege wadogo wa manjano. Wanawake kumi na wanne wa kwaya walishonewa sare kutoka jora moja lililoletwa kutoka kwao Uvira, na jora likaisha pale pale. Kitenge cha namna ile hakikupatikana tena, si Minnesota, si kwingineko.

"Hii ikiharibika," Mama Reine alipenda kusema, "mimi nitaimbia nyuma ya pazia."

Sasa, mwezi wa Machi shule ya Reine ilikuwa na siku ya tamaduni. Kila mtoto aliambiwa avae kitu cha kwao. Alhamisi ile mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Reine akafungua kabati. Akaitoa sketi, akaikaza kiunoni kwa mkanda, akavaa koti juu. Ni saa chache tu, alijiambia, na jioni itakuwa imerudi mahali pake, imekunjwa vilevile.

Shuleni alisifiwa mpaka akatembea kwa maringo. Mwalimu alimpiga picha. Lakini wakati wa kurudi, ili awahi kabla ya mama yake, alikata njia kwenye uwanja wa kuegeshea magari. Theluji ya majira yote ya baridi ilikuwa imerundikwa pale kando ya uzio wa waya, imekuwa nyeusi, ngumu kama mawe. Akapanda juu ya rundo, akaruka. Waya ukabaki na kipande cha sketi. Alisikia tu *chaaar!* na alipoangalia, palikuwa na mdomo wazi juu ya goti, mrefu kupita kiganja chake, nyuzi zikining'inia.

Aliificha sketi kwenye mkoba wa zamani chini ya kitanda. Nitamwambia kesho, aliwaza. Ijumaa akawaza vivyo hivyo.

Jumamosi walifua kama kawaida, na siku hiyo Mama Ntwali ndiye aliyekunja nguo. Jumapili asubuhi Mama Reine akafungua kabati, akafunga, akafungua tena.

"Reine, umeiona sketi yangu ya kwaya?"

Jibu lilitoka kabla hajalipima. "Labda ilikuwa kwenye kapu la jana. Labda imebaki chini kwenye mashine."

Mama yake akashuka mbio. Akarudi taratibu, mikono mitupu.

"Chini hakuna kitu," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu: "Na jana aliyekunja ni Mama Ntwali."

Hapo ndipo Reine alipaswa kufungua mdomo. Aliinama akafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Kanisa lao lilikuwa Brooklyn Park, mbali, na Mama Ntwali ndiye aliyewapeleka kwa gari lake kila Jumapili. Siku hiyo Mama Reine alitazama dirishani njia nzima. Walipofika, wanawake wakajipanga, sare kumi na tatu za ndege wa manjano na moja ya maua. Mama Reine, mwenye maua, akatazama pindo la mwenzake.

"Mama Ntwali, hebu geuka. Pindo hilo si nililipandisha mimi?"

"Ulipandisha wewe? Nililipandisha mimi mwenyewe, ma chère, mpenzi wangu, wakati wa Krismasi, mbele ya macho yako!"

"Macho yangu hayakuona. Mimi najua tu kwamba jana sketi yangu ilikuwa mikononi mwako, na leo sina."

Niyibizi, kiongozi wa kwaya, alijifanya anatafuta ukurasa.

Kesho yake Mama Ntwali alishuka ngazi, akabisha hodi, akamnyooshea Mama Reine sketi yake mwenyewe, imekunjwa vizuri. "Chukua," alisema. "Kama ni yako, umeipata. Kama si yako, kaa nayo. Mimi siwezi kuimba Haleluya huku watu wanatazama mapindo yangu." Akageuka, na hakukanyaga tena mazoezi.

Toka siku hiyo Mama Ntwali alifua peke yake, siku za Jumatatu. Kwenda kanisani ikawa ni treni moja na mabasi mawili, na upepo wa vituoni ulikata masikio. Mama Reine aliitundika ile sketi kabatini lakini hakuivaa. Mara mbili Reine alimkuta ameishika, anapima kiuno chake kwa kiuno cha sketi, uso umejaa shaka.

Asubuhi, kwenye kituo cha basi, Reine alisimama karibu na Ntwali kama siku zote. Ntwali alikuwa rika lake, ila alisoma shule nyingine. Alisogea hatua mbili pembeni.

"Usinikaribie," alisema. "Nisije nikakuibia kofia."

"Sijasema wewe ni mwizi."

"Wewe hujasema kitu chochote." Ntwali hakujua alivyopiga pale penyewe. Basi lake likaja, akapanda bila kuangalia nyuma.

Ndipo Reine akapanga mpango. Ataishona sketi kwa siri, mshono usionekane hata kwa darubini. Halafu ataiangusha nyuma ya mashine ya kufulia, na mtu ataiokota. Kila mmoja atasema, kumbe ilikuwa hapa muda wote! Mama Ntwali atarudi kwenye kwaya kabla ya Pasaka, na hakuna atakayeulizwa lolote.

Kwenye mlango wa maktaba ya mtaa kulikuwa na tangazo: Jumamosi alasiri, njoo na nguo iliyochanika, ujifunze kushona kwa mkono. Reine akaaga kwamba anakwenda kusoma, akabeba ule mkoba.

Mwalimu alikuwa Bi Hamada, mzee mfupi wa asili ya Kijapani, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Mezani walikaa bibi wawili na mwanamume mmoja mwenye soksi tatu. Bi Hamada alisema Kiingereza cha taratibu, kila neno alilipatia nafasi yake. Akaukunjua mdomo wa sketi mezani, akaulaza kwa vidole.

"Naomba uzi wa buluu kama huu," Reine akasema. "Nataka usionekane kabisa."

"Ah. Basi umekosea meza. Mafundi wa kuficha wapo, na wanajua kazi yao. Mimi nafundisha sashiko." Akatoa sindano ndefu na kibonge cha uzi mweupe pepe. "Huko walikotoka bibi zangu, kaskazini mwa Japani, theluji ni nyingi kuliko hii yenu, na nguo zilikuwa chache. Palipochakaa waliweka kitambaa kingine nyuma, wakashona juu yake mistari ya mishono mifupi. Nguo ikapata joto, ikawa imara. Hawakuona kwa nini waifiche kazi ya mikono yao."

"Na uzi wa buluu?"

"Nina mweupe."

Reine alikaa. Mpango wake ulikuwa umeanza kuyumba, lakini hakuwa na mwingine. Bi Hamada alimpa kipande cha pamba cha rangi ya buluu akiweke nyuma ya tundu, akamchorea mistari kwa chaki, akamwonyesha. Sindano haitembei mshono mmoja mmoja. Unaishika imetulia, unakisukuma kitambaa juu yake, chini na juu, mpaka imejaa mishono mitano au sita kama punje za mchele, ndipo unavuta.

Reine akavuta. Akavuta kwa nguvu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, haraka haraka. Alipoinua, kitambaa kilikuwa kimekunjamana kama uso wa mtoto anayenyweshwa dawa.

"Fumua," alisema Bi Hamada.

"Yote?"

"Yote mitatu. Unakimbilia nini?"

"Pasaka."

Yule mwanamume wa soksi akacheka. Bi Hamada hakucheka. "Pasaka itakuja yenyewe, haihitaji uivutie uzi. Tazama. Kila mstari ukiisha, laza kitambaa kiganjani, ukipitishie kidole gumba, hivi, mpaka kinyooke. Na unapogeuka kuanza mstari mwingine, usikaze. Acha kitanzi kidogo nyuma. Uzi ukivutwa mpaka mwisho, nguo haina pa kupumulia. Siku mwenyewe atakapoinama, itachanika upya pembeni ya mshono wako." Kisha akauliza, kana kwamba anauliza saa: "Ni nguo ya nani?"

"Yangu."

Bi Hamada akatazama kiuno cha sketi, ambacho kingewatosha Reine wawili. "Basi ule sana," alisema, akaenda kwa mtu wa soksi.

Reine alifumua. Akaanza tena. Ubaya wa kushona taratibu ni kwamba kichwa kinakosa pa kukimbilia. Sindano ilipokuwa ikijaa punje zake, yeye alimwona Mama Ntwali akinyoosha ile sketi mlangoni. Alipolaza kitambaa na kupitisha kidole gumba, alimsikia Ntwali: wewe hujasema kitu chochote. Nyumbani mambo hayo aliyafukuza kwa simu au kwa katuni. Pale mezani palikuwa na uzi tu. Mara moja macho yalimjaa, akasingizia sindano imemchoma.

Jumamosi ya pili aliongeza mistari minane. Ya tatu akamaliza. Mistari kumi na minane, myeupe juu ya buluu, imesimama sawa kama mvua isiyo na upepo, na katikati yake ndege mmoja wa manjano aliyekuwa amekatwa shingo sasa ana shingo. Bi Hamada aliipindua nyuma, akagusa vitanzi vya kona kimoja kimoja.

"Sasa mwenyewe anaweza kuinama," alisema. "Ukimpa, mwambie aifue kwa maji baridi."

Alisema *ukimpa*. Reine alilisikia neno hilo njia nzima.

Alipofika kwenye jengo, aliteremka moja kwa moja kule chini. Hakukuwa na mtu. Akapiga magoti, akaisukuma sketi nyuma ya ile mashine mbovu, akasimama kuondoka. Akasimama tu. Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha kujicheka mwenyewe. Sketi gani hiyo, iliyoanguka nyuma ya mashine ikiwa nzima, ikaokotwa baada ya wiki tatu ikiwa na mistari kumi na minane ya uzi mweupe? Nani aliishona, panya?

Angeweza kufumua. Alikuwa na mkasi mkobani. Aliushika, akaupeleka kwenye mstari wa kwanza, na mkono ukakataa. Jumamosi tatu zilikuwa pale. Akaitoa sketi, akaikung'uta vumbi, akapanda ngazi.

Mama yake alikuwa jikoni anakoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Reine akaiweka sketi mezani, upande wa mshono juu. Mwiko ukasimama.

Mama Reine alifuta mikono, akaiinua sketi. Jambo la kwanza aliloifanyia ni kuipindua ndani nje, kama afanyavyo mtu anayejua kushona. Kidole chake kikapita kwenye vitanzi.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza polepole.

Reine alizoea kujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza mambo mengi yalikuwa mepesi. Safari hii alijua kwamba angesema kwa lugha ile angekuwa amejificha tena.

"Ni mimi, Mama," alisema kwa Kiswahili. "Niliivaa shuleni bila ruhusa. Nikaichana kwenye waya. Halafu nikakudanganya. Mama Ntwali hakuchukua kitu. Nilijua, nikanyamaza."

Mama yake alikaa kwenye kiti. Alikaa muda mrefu mpaka sombe ikaanza kuungua, na Reine ndiye aliyezima jiko. Alitarajia makelele. Makelele yangekuwa nafuu.

"Kambini," Mama Reine alisema mwishowe, "nilishona viraka kwa nyuzi nilizochomoa kwenye magunia. Siku tuliyopanda ndege niliapa, mtoto wangu hatavaa kiraka, wala mimi sitavaa tena. Niliona kiraka ndiyo aibu." Akapitisha kidole gumba juu ya mistari, kama alivyofanya Bi Hamada, ingawa hakuna aliyemfundisha. "Kumbe aibu ilikuwa kabatini, imekunjwa vizuri. Nilimwita mwenzangu mwizi mbele ya kwaya." Akainuka, akaitoa ile sketi ya Mama Ntwali. "Twende juu. Wewe utabisha hodi."

Ghorofa mbili zilikuwa ndefu siku hiyo. Ntwali ndiye aliyefungua.

"Mmepoteza nini tena?" aliuliza.

"Ntwali!" Sauti ya mama yake ilitoka ndani. "Wapishe wageni."

Reine akasema yote tena, akiwa amesimama katikati ya zulia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mama Ntwali, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kujaza kanisa, alisikiliza bila kukatiza.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu mimi ni mwizi katika jengo hili. Nikipishana na mtu kwenye ngazi, najiuliza kama ameambiwa. Unajua hiyo ni nini, mwanangu?"

"Nisamehe, mama."

"Na mimi, Goretti," Mama Reine akadakia, akimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya ila kwa mambo mazito. "Mtoto alidanganya. Lakini mdomo uliokutaja ulikuwa wangu. Sikukuuliza hata mara moja nikiwa peke yangu na wewe. Nitasema hivyo mbele ya wote waliosikia."

Mama Ntwali akavuta pumzi. Akaipokea sketi yake, kisha akanyoosha mkono mwingine. "Lete na hiyo nyingine niione." Akaipeleka dirishani. "Lo! Na ni hapa mbele kabisa. Mama Reine, utaivaa hii? Watu wote wataona."

"Nitaivaa. Waone."

"Kumi na sita, kumi na saba, kumi na minane," Ntwali alikuwa anahesabu mistari begani kwa mama yake. "Reine ameshona hii? Reine huyu?" Akageuka kwake. "Jinzi yangu imepasuka matakoni. Hapo napo unashona?"

Mama Ntwali alijizuia, akajizuia, kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akafuta macho, na haikujulikana ni machozi ya nini. "Kaeni," alisema. "Lakini nasikia harufu ya sombe iliyoungua, kwa hiyo leo mtakula hapa."

Jumatano, kwenye mazoezi, Reine alisimama mbele ya wanawake kumi na wanne na Niyibizi, akasema mara ya tatu. Baada yake mama yake akasema la kwake. Hakuna aliyepiga makofi. Niyibizi alifunga kitabu, akasema, "Asanteni. Sauti ya pili ilikuwa imetupwaya sana. Karibu tena, Mama Ntwali, simama mahali pako."

Asubuhi ya Pasaka gari la Mama Ntwali lilikuwa na joto na vurugu kama zamani. Reine alikaa nyuma na Ntwali, aliyekuwa na jinzi yake kwenye mfuko. Mbele, mama yake alilaza mkono juu ya goti, pale penye mistari.

"Reine," aliita bila kugeuka. "Sikiliza, nataka hili ulishike. Sketi ilichanika mara moja, kwa bahati mbaya, na kwa hilo nisingekuchukia. Lakini Mama Ntwali ulimchana kila asubuhi ulipoamka ukanyamaza. Siku ishirini na kitu. Ungesema ile Alhamisi, ningekasirika jioni moja, basi. Ukikosa, sema mapema, pakiwa bado padogo. Na ukitengeneza, tengeneza mahali watu wanaona, usishone kwa ajili ya kuficha. Hilo nimelijua mimi pia, na mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo, Mama," Reine alijibu, kwa Kiswahili.

"Na maji baridi, umesema?"

"Maji baridi."

"Basi Jumamosi tuanze kufua pamoja tena," alisema Mama Ntwali, akikata kona ya kanisa. "Ila wewe, Reine, ndiye utakayekunja. Zote. Mpaka kiangazi."

Kwaya iliposimama, sare kumi na nne za ndege wa manjano zilijipanga mistari miwili. Mama Reine alisimama mbele, bega kwa bega na Mama Ntwali. Niyibizi akainua mkono. Wakavuta pumzi, wakaanza, na kwenye pambio watu wote kumi na wanne wakainama pamoja kama walivyozoea, magoti yakikunjwa. Reine akaukazia macho mshono wake. Uzi mweupe ulilegea kidogo, ukamfuata mama yake chini, ukarudi naye juu.